Mawe ya Kizimkazi

Msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja, haumvutii mpita njia. Paa lake ni la bati, na asiyeambiwa huweza kuupita akidhani ni jengo la juzi. Lakini aingiaye na kuitazama mihrabu hukuta maandishi ya Kiarabu ya mtindo wa Kufi, herufi zake zikichipua majani na maua. Yanaeleza kwamba msikiti ulijengwa mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107, kwa amri ya Sheikh Abu Imran Musa bin Hasan bin Muhammad. Sehemu kubwa ya jengo la sasa ni ya karne ya 18, lilipojengwa upya; maandishi ndiyo yaliyosalia ya kale.

Nilifundisha historia katika chuo cha ualimu kabla ya kuwa mkuu wake. Kila mwaka niliwaambia wanachuo kuwa Washirazi walikuja kwa majahazi kutoka Uajemi, wakaujenga msikiti huu. Ushahidi wangu ulikuwa herufi zile, kwani zinafanana na zilizochongwa Siraf, bandari ya kale ya Uajemi. Siku moja mwanachuo mmoja, mtoto wa mvuvi, aliniuliza: "Mwalimu, na mawe aliyachonga nani?" Nilimjibu kwa mkato kwamba hilo halimo katika muhtasari. Darasa likacheka. Hakuniuliza tena swali lolote mpaka alipohitimu.

Swali lile limenifuata hadi kustaafu. Tumbawe la kuchonga nakshi hukatwa baharini lingali laini, likachongwa kabla halijakauka na kuwa gumu. Kazi hiyo yamtaka mtu anayeijua bahari hii, miamba yake, kupwa na kujaa kwake. Tena huko Shanga, kisiwani Pate, wachimbuaji wa mambo ya kale katika miaka ya 1980 walikuta, chini ya magofu ya msikiti wa mawe, alama za misikiti midogo ya miti, ya kwanza ikiwa ya karne ya 8. Watu wa pwani walikuwa wakiswali na kujenga muda mrefu kabla ya mwaka 1107.

Je, Washirazi ni hadithi tu? Wako wataalamu waliosema hivyo, nami nilikaribia kuwafuata. Lakini mwaka 2023 ulitangazwa uchunguzi wa vinasaba vya mifupa kutoka makaburi ya kale ya pwani, yakiwemo ya Mtwapa na Manda. Kwa wengi wao, asili ya upande wa baba ilikuwa Uajemi, na ya upande wa mama karibu yote Afrika. Kuchanganyika kulianza yapata mwaka 1000.

Basi wageni walikuja kweli, ila hawakuikuta pwani tupu. Aliyeamuru msikiti ujengwe jina lake limeandikwa. Waliozamia matumbawe hawakuandikwa. Mimi nilimfundisha yule wa kwanza nikawaacha hawa, na aliyewaulizia nikamnyamazisha. Kama kurasa hizi zitamfikia, ajue kuwa swali lake lilikuwa bora kuliko somo langu.