James Hong: Miaka 70 ya Kuitwa "Yule Mzee"

Wasee, hebu niwaulize. Mnamjua James Hong? Wengi mtasema hapana. Sawa. Mnamjua babake Po kwenye Kung Fu Panda, yule bata bukini wa kuuza supu ya tambi? Na yule babu wa kiti cha magurudumu kwenye Everything Everywhere All at Once? Huyo ni mtu mmoja. Alizaliwa 1929. Ukijumlisha sinema, vipindi vya TV na katuni alizotia sauti, ameshiriki kazi zaidi ya 600.

Mimi nilimjua vibaya. Niliona kipande cha sinema ya zamani, jamaa anaongea Kiingereza cha kuvunjikavunjika ili watu wacheke, nikaandika kwamba watu kama hao ndio walisaidia Hollywood kudharau Waasia. Nilipata likes kibao. Baadaye nikaketi nikasoma maisha yake, nikaona aibu. Kwa hivyo leo narudi kwa hiyo stori.

Hong ni mtoto wa wahamiaji wa Kichina, mzaliwa wa Minneapolis, Marekani. Alisomea uhandisi, akaajiriwa na kaunti ya Los Angeles kushughulikia barabara. Ebu fikiria wazazi wako: umepata digrii ya uhandisi, una kazi ya serikali, halafu unawaambia unataka kuigiza! Mwanzoni alikuwa anachukua likizo ndio aende kuigiza. Mwaka wa 1954 akatokea kwenye kipindi cha Groucho Marx akiiga sauti za watu maarufu, na watu wakampenda. Mwaka uliofuata alikuwa kwenye Soldier of Fortune, sinema ya Clark Gable.

Sasa elewa hiyo Hollywood ilikuwaje. Mwaka wa 1937 ilitoka The Good Earth, sinema kuhusu wakulima wa China. Wahusika wakuu wawili, mume na mke, waliigizwa na Wazungu waliopakwa vipodozi wafanane na Wachina. Luise Rainer, aliyeigiza huyo mke, akashinda Oscar. Miaka 20 baadaye, Hong akapata kazi kwenye kipindi cha TV cha Charlie Chan, mpelelezi wa Kichina. Yeye aliigiza mtoto wa Chan. Na Chan mwenyewe? J. Carrol Naish, Mmarekani mwenye asili ya Ireland. Yaani Mchina halisi anamwita Mzungu "baba", na huyo Mzungu ndiye Mchina mkuu wa kipindi. Mimi hiyo ilinimaliza.

Kwa hivyo, nafasi zilizobaki zilikuwa gani? Mtumishi, mhudumu wa hoteli, jambazi, mchawi. Hong alizichukua. Kwenye Chinatown ya 1974 ni mtumishi wa nyumbani. Blade Runner, 1982, ni fundi wa kutengeneza macho bandia, anafanya kazi ndani ya chumba cha baridi kali. Yuko pale dakika chache tu lakini humsahau. Kwenye Big Trouble in Little China ya 1986 ni Lo Pan, mchawi aliyeishi karne nyingi. Mwaka wa 1991 akaingia Seinfeld kama msimamizi wa mkahawa anayewazungusha wateja kipindi kizima bila kuwapa meza. Ukiangalia vizuri, hizo zote ni nafasi ambazo mtu angezifanya kivivu, achukue hela aende nyumbani. Yeye kila moja aliipa mtu wa kweli ndani yake.

Lakini kitu kilichonifanya nifute yale maneno yangu ni mwaka wa 1965. Hong, Mako na wasanii wengine wenye asili ya Asia walianzisha East West Players, kundi la maigizo pale Los Angeles. Sababu ilikuwa rahisi: kama Hollywood inatupa trei tubebe, tutajenga jukwaa letu ambapo tunaweza kuwa mfalme, mpenzi, shujaa, mtu yeyote. Hilo kundi liko hadi leo, na waigizaji wengi wamepitia hapo. Kumbe mchana jamaa alikuwa anabeba trei kwenye sinema, na upande wa pili anawajengea wengine mlango. Mimi nilikuwa nimeona trei tu.

Heshima ilichelewa sana. Mwaka wa 2020 mwigizaji Daniel Dae Kim aliongoza mchango wa mashabiki wa dola 55,000 ili Hong apate nyota yake pale Hollywood. Ilizinduliwa 2022, mzee akiwa na miaka 93. Februari 2023, kundi zima la Everything Everywhere likashinda tuzo ya chama cha waigizaji, SAG, na mzee akapewa maikrofoni. Akakumbusha ukumbi mzima kuhusu zile siku za Wazungu waliobandikwa macho, na maprodyuza waliosema Waasia hawawezi kuuza sinema. Watu walisimama wakampigia makofi. Wiki chache baadaye hiyo sinema ikabeba Oscar 7.

Sisemi kila nafasi aliyoigiza ilikuwa poa. Zingine zinauma kutazama, na hiyo hasira ni halali. Ninachosema ni kwamba hasira yangu nilimtupia mtu asiyestahili. Walioandika hizo nafasi na kulipia hizo sinema sikuwataja hata mara moja, kwa sababu hawakuwa kwenye skrini. Yeye ndiye alikuwa anaonekana.

Leo usiku tafuteni Blade Runner, mngojee ile sehemu ya chumba cha baridi. Halafu mniambie kama bado ni "yule mzee" tu.