Sanduku la Kuminya: Kodiani na Majina Yake ya Mtaani

Mhunzi huvuta mvukuto wa ngozi ukajaa upepo, kisha huubana moto ukawaka. Kodiani nayo ni mvukuto, ila upepo wake hauendi kwenye makaa. Unakwenda kutikisa vilimi vyembamba vya chuma, na kila kilimi kina sauti yake. Waingereza katika mazungumzo ya kawaida huiita squeezebox, yaani sanduku la kuminya. Jina hilo huwakusanya ndugu wote wa ukoo huu: konsatina ndogo yenye pembe sita, kodiani ya vitufe, na kodiani kubwa yenye funguo kama za piano. Si jina la kiwandani. Limetoka kwa watu waliotazama mikono ya mpigaji, na majina ya aina hiyo ndiyo yanayotuonyesha ala hii ilipita mikononi mwa nani.

Kilimi chenyewe ni cha kale. Nchini China, ala ya mianzi iitwayo sheng imetumia vilimi vya namna hii kwa zaidi ya miaka 2,000, ikipulizwa kwa mdomo. Jambo jipya la karne ya 19 lilikuwa kuiondoa kazi hiyo mdomoni na kuitia mikononi. Mwaka 1829, mjini Vienna, Cyrill Demian, fundi wa vinanda mwenye asili ya Armenia, alipewa hataza ya kisanduku alichokiita Accordion. Kilikuwa na vitufe vitano tu. Kila kitufe kiliamsha noti kadhaa kwa mkupuo: kundi moja mvukuto ukivutwa, jingine ukibanwa. Noti zinazolia pamoja hivyo Wajerumani huziita Akkord, na humo ndimo jina lilimozaliwa. Wakati huo London, Charles Wheatstone alikuwa akiunda ala zilizomfikisha kwenye konsatina ya Kiingereza. Mwaka 1834, Carl Friedrich Uhlig wa Chemnitz akatoa konsatina ya Kijerumani.

Ile ya Wheatstone ilikuwa ghali, ikakaa sebuleni kwa wenye nacho. Za Kijerumani zilikuwa rahisi, zikaingia kwenye mabegi ya mabaharia na wahamiaji. Hapo ndipo majina yalipomiminika. Wajerumani wakasema Schifferklavier, piano ya baharia, na pia Quetschkommode, kabati la kubana. Waswidi wakasema dragspel, ala ya kuvuta. Wafaransa wakaiita kodiani piano ya maskini. Mwingereza ameona kuminya, Mswidi ameona kuvuta. Kila mmoja ameshika nusu ya mwendo uleule. Na hilo la Wafaransa limetaja kile ambacho hataza haikukiandika: mfuko wa mpigaji.

Afrika Kusini imeandika sura yake. Wasemaji wa Kiafrikana huiita kodiani trekklavier, piano ya kuvuta, na Kiingereza cha huko kina squashbox, sanduku la kusetea. Vijana wa Kizulu waliokwenda kutafuta kazi migodini na mijini walitembea na konsatina mkononi, wakizipiga njiani. Hawakuridhika na sauti zilivyopangwa kiwandani. Walizifungua wakapanga vilimi upya ili zifuate nyimbo zao. Kwa Wasotho, kodiani ikawa uti wa mgongo wa famo, muziki wa wachimba migodi waliokuwa mbali na nyumbani.

Kwetu Afrika Mashariki, Wakikuyu wa Kenya ya kati waliichukua kodiani katika enzi ya ukoloni wakaiundia mwomboko, dansi ya wawili wawili iliyobeba hatua za dansi za Kizungu. Kodiani hutembea na karing'aring'a, pete ya chuma inayogongwa kwa kipande cha chuma. Kwa ala hizo mbili, dansi imekamilika. Zanzibar, kodiani imeketi katika safu za taarab kati ya fidla, udi na ganuni, katika vikundi kama Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa 1905, na Culture Musical Club, cha 1958. Ilifika hapo kwa mfano wa okestra za Misri, ambako mafundi walikuwa wamekwisha kupambana na tatizo la robo toni, sauti ambazo kodiani ya Ulaya haina. Dawa ni tupa. Ukikikwangua kilimi kwenye ncha, sauti hupanda. Ukikikwangua karibu na shina, hushuka. Mkwaruzo mmoja wa ziada, na kilimi kimeharibika. Kwa subira hiyo sanduku la Vienna lilifundishwa kuimba kwa maqamu, ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu.

Jina tulilobaki nalo, kodiani, ni lile la hataza ya Demian lililokatwa kichwa. Lakini hakuna aliyeipiga miaka thelathini bila kuwa na maneno yake ya kazi: anavyouita mvukuto uliochoka, kilimi kilichokwama, mkono wa kushoto unaposhika mdundo. Maneno hayo hayamo katika kamusi zetu. Wazee wa mwomboko na wa taarab wanayo, na kila mzee anayekwenda anakwenda nayo. Anayejali muziki huu aende akakae nao na daftari, na swali lake la kwanza lisiwe wimbo gani ulivuma, bali hiki mkononi mwako mnakiitaje?