Walishinda Viti 365, Kisha Wakaanza Kung'atana: Vile Chama cha Boris Johnson Kilipasuka

Kama siasa za Uingereza huwa zinakupita, kaa hapa kidogo tukuchanue. Tarehe 12 Desemba 2019, chama cha Conservative, wale watu huita Tories, kilinyakua viti 365 bungeni. Hawakuwa wameshinda hivyo tangu enzi za Margaret Thatcher mwaka wa 1987. Boris Johnson akawa na wabunge 80 zaidi ya vyama vingine vyote ukiviweka pamoja. Miaka miwili na nusu baadaye, huyo huyo Boris alisimama nje ya nambari 10 Downing Street akitangaza anaenda. Na si upinzani ulimtoa. Ni mbogi yake.

Ili uelewe, angalia kwanza kura zilitoka wapi. Kaskazini mwa England kuna maeneo ya migodi na viwanda yaliyokuwa ngome ya Labour miaka nenda miaka rudi, hadi yakaitwa Ukuta Mwekundu. Bolsover haikuwa imewahi kuchagua Tory tangu jimbo liundwe 1950. Sedgefield ilikuwa ya Tony Blair mwenyewe. Zote mbili zilianguka mikononi mwa Boris kwa sababu ya Brexit na ahadi kwamba serikali itamwaga pesa huko kwa barabara, reli na hospitali.

Sasa shida ni hii: Tory wa kusini, mwenye nyumba yake poa karibu na London, hakupiga kura ili kodi yake ijenge Bolsover. Yeye anataka kodi ishuke na serikali ikae mbali na mfuko wake. Hao wawili wako chama kimoja, wamempigia mtu mmoja, na kila mmoja anangoja kitu kinachomuumiza mwenzake. Kama ulifuata Jubilee baada ya 2017, Kieleweke huku na Tangatanga kule, hii sura unaijua.

Brexit ilipokamilika, gundi iliisha. Kambi zikaanza kuota kama uyoga. Wabunge wa kaskazini walianzisha kundi lao Oktoba 2020 kudai zile ahadi. Mwezi uliofuata wengine wakaunda lao la kupinga lockdown za Covid. Wale wagumu wa Brexit walikuwa tayari na kundi lao la zamani, na wale wa siasa za katikati pia. Hata ndani ya ofisi ya Boris kulikuwa noma: Dominic Cummings, mshauri aliyepanga mbinu nyingi za ushindi, alitoka Novemba 2020 na boksi mkononi kamera zikimwangalia. Mei 2021 alikaa mbele ya kamati ya bunge masaa mengi akimwanika bosi wake wa zamani.

Septemba 2021 Boris alipandisha makato ya mishahara ili apate pesa za afya, kinyume na ahadi ya kampeni. Wapenda kodi ndogo walichemka. Halafu zikatoka story za sherehe Downing Street wakati wananchi wengine walikuwa wanazika wazazi wao kwa simu. Aprili 2022 polisi walimpiga faini, yeye na waziri wake wa fedha Rishi Sunak.

Hapo ndipo sheria moja ya chama iliingia kazini. Mbunge anaandika barua ya siri kwa mwenyekiti wa Kamati ya 1922. Wakati huo, barua zikifika asilimia 15 ya wabunge, kura ilikuwa inapigwa. Juni 6, 2022 Boris alipata 211, na 148 wakasema aende. Alishinda, lakini fikiria kuongoza chama ambacho wabunge wanne kati ya kila kumi wamekukataa. Julai 5 Sunak na Sajid Javid walijiuzulu siku moja, wengine zaidi ya 50 wakafuata, na Julai 7 mambo yakaisha.

Ungedhani wangetulia. Wanachama walimpa Liz Truss kiti, wakamwacha Sunak (babake alizaliwa hapa Kenya, kwa taarifa yako). Kambi ya kodi ndogo ilikuwa imepata zamu yake, na Septemba 23 ikatangaza kupunguza kodi kwa pauni bilioni 45 bila kusema pesa zitatoka wapi. Siku tatu baadaye pauni ilishuka kuliko wakati wowote ule dhidi ya dola. Benki zikaondoa mikopo ya nyumba sokoni, na waliokuwa karibu kusaini wakabaki na makaratasi. Kwa mwananchi wa kawaida, hii ndiyo sehemu iliyouma. Barua na kamati zilikuwa drama ya wakubwa. Truss alijiuzulu Oktoba 20, na Sunak akaingia bila kura ya wanachama.

Uchaguzi ulipofika Julai 4, 2024, Tories walibaki na viti 121. Bolsover ilirudi Labour; jimbo la Sedgefield lilikuwa limeshafutwa. Na Truss, aliyeshinda jimbo lake 2019 kwa kura zaidi ya 26,000, alilipoteza kwa kura 630.