Mgonjwa na aulizwe uji: Historia ya vipimo vya chakula kinachodhuru

Mjini Johannesburg, kama katika miji mingi mikubwa duniani, kunauzwa kipimo cha damu kinachodaiwa kubaini vyakula vinavyomdhuru mtu saa nyingi, au hata siku mbili, baada ya kuvila. Historia ya sayansi ya mzio, ambayo sehemu yake iliandikwa mjini humo humo, inatoa onyo juu ya dai hilo.

Mpenzi msikilizaji, mateso yanayowapeleka watu kwenye kipimo hicho ni ya kweli: tumbo kujaa gesi, kuharisha, kuumwa kichwa, uchovu usiokwisha. Anayekula karanga na kuvimba midomo papo hapo hahitaji kubahatisha sana. Lakini aliyekula jana na kuumwa leo hubaki na mashaka, kwani kati ya mlo ule na maumivu haya amekula mengine mengi.

Jina la kitabibu la aleji, au mzio, lilibuniwa mwaka 1906 na Clemens von Pirquet, daktari wa watoto wa mjini Vienna. Mwaka 1921 madaktari wawili wa Kijerumani, Carl Prausnitz na Heinz Küstner, walifanya jaribio lililopata umaarufu mkubwa. Küstner alikuwa akidhurika kwa kula samaki. Majimaji ya damu yake yalidungwa katika ngozi ya Prausnitz, na samaki alipoingizwa mahali pale pale, ngozi ya Prausnitz ikavimba. Hivyo ikadhihirika kuwa ndani ya damu mna kitu kinachobeba mzio. Kitu hicho kilitambuliwa mnamo miaka ya 1966 na 1967 na watafiti wa Marekani na Sweden, nacho ni kingamwili iitwayo IgE.

Kipimo kinachouzwa kwa ajili ya madhara yanayochelewa, kwa kawaida, hakitafuti IgE bali kingamwili nyingine, IgG. Hapo ndipo penye kasoro. Mwili wa mtu mwenye afya hutengeneza IgG dhidi ya vyakula anavyokula mara kwa mara. Mwenye kula mayai kila asubuhi aweza kuwa na IgG ya mayai bila ya kudhurika hata kidogo. Ni sawa na daftari la wageni mlangoni: linaonyesha nani aliingia, halionyeshi nani aliiba. Ndiyo maana mwaka 2008 jopo la wataalamu wa mzio wa Ulaya lilishauri kipimo hicho kisitumiwe, na wataalamu wa Afrika Kusini nao wana msimamo huo huo.

Hata hivyo, si kila dhara la chakula ni mzio. Jambo hilo linatufikisha Soweto, kusini magharibi mwa Johannesburg, kwenye hospitali ya Baragwanath. Ilijengwa wakati wa Vita Vikuu vya Pili kwa ajili ya wanajeshi wa Uingereza, na mwaka 1948 ikawa hospitali ya raia Waafrika. Tangu 1997 inaitwa Chris Hani Baragwanath. Mwaka 1983 daktari Isidor Segal na wenzake walichapisha utafiti juu ya upungufu wa laktesi, kimeng'enya kinachoyeyusha sukari ya maziwa, miongoni mwa Waafrika wa nchi hiyo. Waliona kwamba upungufu huo ni wa kawaida kwa watu wazima.

Kwa mtu kama huyo, sukari ya maziwa hufika katika utumbo mpana bila ya kuyeyushwa. Huko bakteria huichachusha, na saa chache baadaye tumbo hujaa gesi na kuunguruma. Kinga ya mwili haihusiki, na IgG haitasema lolote. Kipimo chake ni rahisi: mgonjwa hunywa sukari hiyo, kisha hewa ya haidrojeni hupimwa katika pumzi yake. Wengi huweza kutumia maziwa yaliyoganda, ambayo Afrika Kusini huitwa amasi, kwa kuwa sehemu ya sukari yake imekwisha kuliwa na bakteria.

Wapo pia wanaopata mzio halisi unaochelewa. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani, wakiwemo Scott Commins na Thomas Platts-Mills, walieleza habari za watu waliokula nyama ya ng'ombe au nguruwe jioni na kuamka usiku wa manane wakiwashwa mwili mzima. Chanzo ni sukari iitwayo alfa-gali iliyomo katika nyama hizo, na mzio wake huanzishwa na kuumwa na kupe. Katika jimbo la Eastern Cape, ambako migodi ya Johannesburg ilichukua vibarua kwa miongo mingi, daktari Tshegofatso Mabelane na wenzake walichunguza wanavijiji waliolalamikia nyama, na mwaka 2018 wakachapisha matokeo. Walipima IgE, si IgG. Kisha wakawalisha nyama chini ya uangalizi wa madaktari ili kuthibitisha.

Kipimo cha kulisha na kutazama ndicho kinachobaki kuwa hakimu. Chakula kinachoshukiwa huondolewa kwa wiki chache, kisha hurudishwa na dalili zikaandikwa. Aliyewahi kuvimba koo au kukosa pumzi asijaribu nyumbani, bali hospitalini. Naye anayeishuku ngano asiiache kabla ya kupimwa ugonjwa wa siliaki, kwani akiiacha damu yaweza kuuficha ugonjwa.

Gharama ya kukosea si fedha pekee. Mzazi anayepewa orodha ndefu ya vyakula vilivyokatazwa aweza kumnyima mtoto anayekua maziwa, mayai na ngano kwa wakati mmoja, bila ya sababu. Na mwenye mzio halisi aweza kupewa karatasi inayomwambia kuwa yu salama.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Katika jambo hili, msikilizaji, mgonjwa na aulizwe: ulikuwa uji gani, ulitiwa maziwa, aliunywa saa ngapi, na maumivu yalianza lini? Majibu yake ndiyo yatakayomwonyesha daktari kipimo kinachofaa.