Waya za Charpak

Mimi nilisoma agronomia, lakini historia hii ya fizikia inatuhusu sisi wote.

Georges Charpak alizaliwa Polonia mwaka 1924, akafika Ufaransa akiwa mtoto wa miaka 7. Wakati wa vita, Wanazi walimufunga ku Dachau. Akatoka mzima, akasoma, na mwaka 1959 akaingia CERN, labo kubwa karibu na Genève.

Zamani ile, kwa kuona njia ya chembe ndogo sana, walikuwa wanapiga foto. Kisha watu wanazichunguza moja moja kwa macho, maelfu na maelfu. Mashine inaenda mbio, lakini macho ya mutu yanachoka.

Mwaka 1968, Charpak na wenzake wakapanga waya nyembamba nyingi ndani ya gazi, milimita chache kati yao. Chembe ikipita, waya ya karibu inapata umeme kidogo. Kila waya iko na amplifikateri yake, ordinateri inaandika palepale. Kazi ikaenda mbio mara elfu moja zaidi. Njo maana alipewa Nobel mwaka 1992.

Lakini chombo bila watu ni chuma tu. Tangu 1962, CERN inapokea wanafunzi wakati wa likizo, wanajifunza na mikono yao. Na mwaka 2010, masomo ya fizikia kwa vijana wa Afrika yakaanzia Afrika Kusini.

Mimi nilipata licence nikiwa nimechora kipimo cha udongo ku kaye, bila kukishika hata siku moja. Na weye, chombo gani ulisoma bila kukigusa?