Upimaji wa njia katika eneo la Kamina
Miongoni mwa ramani za mapema za kisayansi za Katanga, kusini mwa Kongo, ni zile zilizotokana na msafara wa Mbelgiji Charles Lemaire wa 1898–1900, uliokadiria mahali pa vituo vyake kwa kutazama nyota. Kamina, mji wa Katanga, ilikuzwa na reli. Kampuni ya reli ya BCK ilikamilisha njia ya Bukama hadi Ilebo mwaka 1928, baada ya wapimaji kutangulia porini na theodolaiti, wakisoma pembe moja baada ya nyingine huku vibarua wakifyeka nyasi ili vigingi vionekane. Baadaye zikaja picha zilizopigwa kutoka ndegeni.

Leo, katika kupima barabara, leza iliyofungwa juu ya gari hupiga miali maelfu kwa maelfu kila sekunde, na programu husoma muda na nguvu ya mwanga unaorudi. Kwenye lami, rangi nyeupe hung'aa zaidi, hivyo mistari hutambulika upesi. Barabara ya udongo haina mistari. Hapo programu hutegemea umbo: mtaro, tuta, ukingo. Nyasi za masika huficha ukingo huo, kwa hiyo kiangazi ndicho kinachofaa kupimia.