Simu Haina Rivasi

Fundi aliishika simu yangu kama dakika moja hivi, akaipapasa hapa na pale, kisha akanirudishia bila hata kuifungua.

"Boss, hii sio ugonjwa. Hii ni apdeti. Tafuta ingine."

Ilikuwa 2019, kwenye kibanda kimoja cha Luthuli Avenue chenye upana wa mlango. Wiki mbili kabla ya hapo simu ilikuwa freshi. Kisha usiku mmoja ikaniuliza kama nataka toleo jipya la mfumo endeshi, nikabonyeza ndiyo, nikalala. Tangu siku hiyo nilikuwa natoka nyumbani Githurai na chaji asilimia 100, nikifika tao imebaki 60. Nikiandika "niko njiani", herufi zinatokea moja moja kama abiria wanaoshuka matatu ikiwa bado inatembea.

Nikamuuliza fundi swali nililoona la kawaida: si unirudishie tu ile ya zamani? Akacheka. Jirani yake wa kibanda cha pili naye akacheka.

"Simu haina rivasi," akasema.

Baadaye nilikuja kujua kwamba alikosea, angalau kihistoria. Simu ya kwanza ya Android kuuzwa madukani ilikuwa na rivasi, na watu waliogundua hivyo ndio walioanzisha mambo mengi tunayoyajua leo kuhusu kuruti simu.

Simu hiyo ilikuwa HTC Dream. Kampuni ya T-Mobile ilianza kuiuza Marekani Oktoba 2008 kwa jina la G1. Ilikuwa nene, na kibodi yake ilijificha nyuma ya kioo: unasukuma kioo pembeni, vitufe vinatokea. Chini ya kila kitu kulikuwa na Linux, ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma. Kwenye Linux kuna mtumiaji mmoja anayeitwa ruti. Huyu anaweza kusoma, kubadilisha na kufuta chochote. Kwenye kompyuta yako ya Linux, ruti ni wewe. Kwenye G1 ulikuwa mpangaji. Umelipa, umeingia, lakini kugonga msumari ukutani ni hadi mwenye ploti akubali.

Wiki chache tu baada ya simu kuingia sokoni, kisa kimoja kikaenea. Mtu alikuwa akipiga gumzo na mpenzi wake, akaulizwa mbona amenyamaza. Akajibu kwa neno moja la Kiingereza, "reboot", kumaanisha alikuwa amezima simu na kuiwasha upya. Alipobonyeza kitufe cha kuingiza, simu ikazima na kuwaka upya tena.

Wenzake wakajaribu, na ikawa hivyo hivyo. Kumbe wakati wa kutengeneza simu, wahandisi walikuwa wameacha dirisha la amri likiendelea kufanya kazi kichinichini, na dirisha hilo lilikuwa na mamlaka ya ruti. Kila ulichoandika kwenye kibodi kilienda sehemu mbili: pale ulipotaka kiende, na kwenye dirisha hilo lisiloonekana. Ukimwandikia mtu ujumbe, pia unaiamuru simu. Mara nyingi maneno yako hayakuwa na maana kwa Linux, kwa hiyo hakuna kilichotokea. Lakini "reboot" ni amri halisi. Hata "telnetd" ni amri halisi, na hiyo ndiyo iliyowafurahisha watundu, kwa sababu inafungua njia ya kuingia kwenye simu kupitia mtandao. Ukiiandika tu na kubonyeza kitufe cha kuingiza, kisha ukajiunganisha, basi umeshakuwa ruti kwenye simu yako mwenyewe.

Toleo lenye kasoro hiyo liliitwa RC29. Novemba hiyo hiyo likaja RC30 kuziba tundu, na lilitumwa moja kwa moja hewani. Watu waliamka asubuhi wakakuta mlango umefungwa.

Hapo ndipo historia ya kurudi nyuma inapoanzia. Ilibainika kwamba G1 ilikagua kama faili ya mfumo ina sahihi ya kweli, lakini haikujali umri wake. RC29 ilikuwa na kasoro, sawa, lakini sahihi yake ilikuwa halali. Basi watu wakatafuta faili ya RC29, iliyoitwa DREAIMG.NBH, wakaiweka kwenye kadi ya memori iliyofomatiwa kwa FAT32. Unazima simu. Unashikilia kitufe cha kamera pamoja na cha kuwasha. Unatokea ukurasa wa rangi rangi: hiyo ndiyo butiloda, programu ya mwanzo kabisa ambayo kazi yake ni kuamsha mfumo. Butiloda inaiona faili kwenye kadi, inakuuliza, unakubali. Dakika chache baadaye simu imerudi kwenye toleo la zamani, na mlango uko wazi tena.

Waliofanya hivyo hawakutaka kuishi kwenye RC29, kwa sababu hakuna mwenye akili anayetaka simu inayotii kila neno la gumzo. Waliingia, wakachukua funguo, kisha wakapanda tena hadi RC30 iliyorekebishwa na mtundu mmoja aliyejulikana mtandaoni kama JesusFreke. Toleo lake lilikuwa limeziba tundu la kibodi lakini lilimwachia mwenye simu mamlaka ya ruti. Mwaka 2009 yeye akapumzika, na Steve Kondik, aliyejiita Cyanogen, akaendeleza kazi. Ikakua hadi ikaitwa CyanogenMod, na mradi huo ulipofikia mwisho wake Desemba 2016 ukaacha mrithi, LineageOS, ambao unaendelea kuzipa simu zilizozeeka maisha ya pili.

Huku kwetu mambo hayo yalitufikia kwa mlango wa bei. Mwaka 2011 Huawei IDEOS ilikuwa ikiuzwa na Safaricom kwa takriban shilingi 8,000, na kwa watu wengi hiyo ndiyo iliyokuwa Android ya kwanza kushika mkononi. Ilikuja na Android 2.2. Kaka yangu mkubwa alinunua moja, na baada ya muda akaiwekea CyanogenMod 7, yaani Android 2.3, kwa maelekezo aliyoyaprinti kwenye cyber. Mimi nilikuwa bado shule ya msingi. Nakumbuka alivyokuwa ananifukuza mezani nisiguse waya. Nilidhani anatengeneza simu. Sasa naona alikuwa anaondoka kwenye ploti ya mtu.

Kwa muda fulani hata sheria iliwaangalia watundu kwa jicho la huruma. Julai 2010, Marekani ilitoa msamaha wa kisheria kwa mtu anayevunja kufuli za simu yake ili aweke programu halali. Lakini watengenezaji nao walikuwa wamejifunza somo la G1, nalo ni kwamba sahihi peke yake haitoshi. Android 8 ilipotoka 2017 ilileta utaratibu ambao kila toleo la mfumo linaweza kubeba namba. Simu inahifadhi namba ya juu zaidi iliyowahi kuiona mahali pasipochezewa kirahisi. Ukileta toleo lenye namba ndogo, inakataa kuwaka. Kuna watengenezaji waliokwenda mbali zaidi: ndani ya chipu kuna vifyuzi vidogo sana, na toleo jipya likiingia, kimoja kinachomwa. Kifyuzi kikishaungua hakiunganiki tena. Fundi wangu alikuwa anazungumzia simu za namna hiyo. Hizo kweli hazina rivasi.

Ukweli ni kwamba sababu zao si za kubuni tu. Mwaka 2015 iligunduliwa kasoro iliyoitwa Stagefright, ambayo ingemwezesha mtu kuishambulia Android kwa kutuma tu ujumbe wa picha au video. Aliyerudi toleo la zamani alirudi pia kwenye tundu hilo. Na sisi wa Nairobi tunajua simu inavyonyakuliwa dirishani mwa matatu. Kama mimi ninaweza kuirudisha simu hadi kwenye toleo lenye mlango mbovu, basi aliyeninyakua naye anaweza. Tundu la RC29 halikumuuliza mtu kama ni mwenye simu au ni mwizi.

Lakini hoja hiyo ina mwisho wake. Oktoba 2018 mamlaka ya ushindani ya Italia iliitoza Apple faini ya euro milioni 10 na Samsung euro milioni 5, kwa kuwasukuma wateja waweke masasisho yaliyozidhoofisha simu zao. Moja ya mambo ambayo mamlaka hiyo ilitaja ni kwamba wateja hawakupewa njia ya kuirudisha simu katika utendaji wake wa awali. Nilipolisoma hilo nilimkumbuka fundi na kicheko chake. Swali langu la kibandani lilikuwa limeshaulizwa Roma mwaka mmoja kabla, na hakuna aliyecheka.

Sasa nieleze nilichofanya mimi, maana mpaka hapa naonekana mjanja.

Simu yangu ilitoka kiwandani na Android 7, kabla ya utaratibu wa namba, kwa hiyo nilikuwa na bahati. Niliazima laptopu ya rafiki, nikanunua bando la usiku. Nikaanza kwa kufungua butiloda. Onyo likatokea kwamba data yote itafutwa. Nililisoma. Picha nilikuwa nimeshazihamisha na majina yako kwenye akaunti, kwa hiyo nikabonyeza. Kisha nikairuti, nikafuta programu zilizokuja na sasisho, nikidhani labda hizo ndizo zinazokula chaji. Wapi! Ikawa pole pole vile vile. Ikabaki kurudi nyuma.

Jaribio la kwanza nililiharibu kwa uvivu. Nilirudisha mfumo wa zamani bila kusafisha data iliyokuwa imeshaandikwa na mfumo mpya. Mfumo wa zamani hausomi data ya mfumo uliokuja baada yake. Ni kama kumpa babu sheng ya mwaka huu. Simu ikawa inaonyesha nembo, inazima, inaonyesha nembo. Saa tisa usiku nilikuwa naangalia tofali. Nikasafisha kila kitu, nikaanza upya, na saa kumi na moja alfajiri ikawaka. Herufi zikaja zote kwa pamoja. Siku hiyo nilifika tao na chaji asilimia 88. Niliiruti tena, maana mfumo ulioandikwa upya unafuta ruti pia, na nikatembea wiki nzima nikijisikia mwenye ploti.

Bili zikaanza kuja. Programu ya benki yangu ilinusa ruti ikagoma kufunguka, nikarudi kwenye namba za nyota na reli kama mwaka 2010. Hilo nililivumilia. Kisha ikaja Jumapili.

Mimi ndiye mweka hazina wa chama chetu. Tuko kumi na wanne, kila mtu shilingi 500 kwa wiki. Wanaotuma kwa M-Pesa hawana shida, wana ujumbe. Wanaotoa keshi nilikuwa nawaandika kwenye simu, kwenye programu ya maandishi ambayo haikuwa imeunganishwa na akaunti yoyote. Nilikuwa nimekumbuka kuhamisha picha za harusi ya binamu yangu. Daftari la watu kumi na wanne sikulikumbuka.

Nilisimama mbele yao nikasema ukweli. Kulikuwa kimya. Kisha mama mmoja, mkubwa wetu wote, akaniuliza kwa upole uliouma kuliko matusi: "Na hiyo simu yako, mwanangu, umeirudisha nyuma. Hesabu zetu je, utazirudisha?"

Tulizunguka mtu kwa mtu. Kila mmoja akataja alichokumbuka. Tulipojumlisha na kulinganisha na pesa zilizokuwepo, tofauti ilikuwa shilingi 3,500. Hakuna aliyemwita mwenzake mwongo, lakini watu wawili walikuwa wakitazamana kwa namna ambayo sikuwahi kuiona kwetu. Nililipa tofauti hiyo kwa awamu nne. Ningejua, ningeiongezea kitu kidogo ninunue simu ya mtumba.

Nimefikiria sana kwa nini kufungua butiloda lazima kufute. Jibu ni lile lile la mwizi wa matatu: kama mlango ungefunguka bila kufuta, yeyote mwenye waya angesoma maisha yangu. Ufutaji ule ulikuwa unanilinda mimi. Sikubishani nao. Ninachobishania ni ule usiku wa kwanza, niliposema ndiyo nikalala. Onyo la kurudi nyuma lilikuwa kubwa na jekundu. La kwenda mbele lilikuwa sentensi moja ya kirafiki, na halikutaja popote kwamba safari ni ya upande mmoja.

Siku hizi hesabu za chama ziko kwenye daftari la karatasi, na kila mtu anaweka sahihi mbele ya jina lake. Simu ninayo ingine, mpya kidogo, ya aina ile isiyo na rivasi. Jana usiku imeniambia kuna toleo jipya, ikanipa vitufe viwili: "Sasa" na "Baadaye". Nilitafuta cha tatu kwa muda, kisha nikabonyeza "Baadaye".